Naombeni ushauri: kifua cha mwanangu kimebonyea, nasikia siku hizi wanaotesha gegedu (ile mifupa laini)

Mama J wa Segerea
Wakuu habari za usiku. Nina kijana wa miaka 15, yuko kidato cha pili. Alizaliwa na kishimo katikati ya kifua, bibi yake akasema kitajaa akikua. Hakikujaa. Tangu aanze kurefuka mwaka jana kimezidi kuzama, ngumi yangu inakaa humo. Mpira kaacha, shati havui mbele ya mtu, akipanda ngazi anahema. Tumepiga CT, daktari akasema kipimo cha Haller ni 4.1, akataja upasuaji wa kuwekewa chuma. Mimi chuma ndani ya mwanangu sitaki. Nimesoma wanachukua seli za mtu mwenyewe, wanaotesha gegedu mpya na kujazia shimo. Nchi gani wanafanya vizuri? Msinitukane, sijalala siku tatu.

Bwashee Mbagala
Pole mama. Dogo apige pushapu na anyanyue vyuma. Mdogo wangu alikuwa mwembamba kama ufito, tukamtengenezea vyuma vya zege uani, leo ni baunsa Sinza na harusi yake nililisha watu mia tatu.

Mtumishi
Dada, mtoto ni zawadi. Tukianza kumrekebisha Mwenyezi Mungu tutamaliza lini? Mfundishe ajipende.

Chuma Kimoja
Mtumishi, mimi nilijipenda na bado nilikuwa nakata pumzi nikikimbilia daladala.

Mama J, nilifanyiwa India nikiwa na miaka 19. Usiogope neno chuma. Walinichana sehemu mbili ndogo, moja kila ubavu. Wanapitisha kipande kilichopindwa chini ya kidari, ule mfupa wa katikati ya kifua, kamera ikiwa ndani inaangalia kisiguse moyo, halafu wanakigeuza na kidari kinainuka palepale. Njia hiyo aliianzisha Dkt. Donald Nuss kule Norfolk, Virginia, mwaka 1987. Kabla yake walifuata ya Ravitch ya mwaka 1949, wanafungua kifua mbele na kukata magegedu yaliyopinda. Sitakudanganya, maumivu yapo. Wiki za mwanzo nililala chali tu, kucheka ilikuwa adhabu. Chuma kilikaa miaka mitatu kikatolewa. Mama kakihifadhi kabatini pamoja na vyeti vyangu vya shule.

Fundi Goti
Samahani, hizo seli zinatibu na goti? Mwenye namba anitumie.

Nesi Mstaafu
Mama J, Haller ni upana wa kifua ugawanywe kwa nafasi iliyobaki kati ya kidari na uti wa mgongo. Kawaida ni kama 2.5. Kikizidi 3.25 madaktari huanza kufikiria upasuaji, kwa hiyo 4.1 si suala la urembo. Moyo umebanwa.

Sasa hayo ya kujazia. Wapo wanaochota mafuta tumboni na kuyadunga kwenye shimo, mengine mwili huyanyonya na unarudia tena. Wapo wanaoweka silikoni iliyochongwa kwa vipimo vya kompyuta. Vyote hivyo hunyoosha sura ya kifua, ila moyo unabaki umebanwa vilevile. Gegedu la kuotesha kutokana na seli ni elimu ya kweli, wanalikuza juu ya kiunzi kinachoyeyuka mwilini, lakini kutengeneza ukuta mzima wa kifua kwa njia hiyo bado ni kazi ya watafiti. Nani amekuahidi?

Mama J wa Segerea
Hakuna aliyeniahidi. Nauliza tu.

Nesi Mstaafu
Mama, nimekaa wodini miaka mingi. Anayeuliza tu hakosi usingizi siku tatu.

Mama J wa Segerea
Sawa. Nimeshatoa advansi milioni 4.5. Kuna kaka anapeleka wagonjwa nje, tunasafiri mwezi ujao. Si tapeli, tunasali naye. Amenitumia picha ya mbavu na kidari kipya kabisa, Hispania walimwekea mtu akapona. Na hawachani, wanadunga. Nimeshauza kiwanja cha Chanika, nikirudi nyuma sasa nitakuwa nimekiuza bure.

Nesi Mstaafu
Picha hiyo naijua. Ni Salamanca, mwaka 2015, mgonjwa wa saratani. Walimwekea kidari na mbavu za titani zilizochapwa kwa mashine. Hapakuwa na seli wala sindano. Wewe umekimbia chuma, halafu unauziwa kwa picha ya chuma.

Mpelelezi
Wakuu hii ni chai. ID ina siku mbili. Mama wa Segerea anajua Haller, anajua gegedu, halafu hajui tapeli? Kesho ataweka namba ya huyo "kaka". Modi funga uzi.

Bwashee Mbagala
Kweli, hata mimi nilishtuka. Weka risiti.

Fundi Goti
Msifunge kabla sijapata namba.

Mama J wa Segerea
Haller imeandikwa kwenye karatasi ya majibu. ID ni mpya kwa sababu ya zamani shemeji zangu wanaijua, na habari ya kiwanja hawana. Kilikuwa cha marehemu kaka yao, baba wa huyu mtoto. Chai ni yenu mnaokunywa mkiwa mmelala vizuri.

Nesi Mstaafu
Mpelelezi tulia kidogo. Mama J, marehemu alifariki kwa ugonjwa gani?

Mama J wa Segerea
Hayo hayahusiani na kifua.

Nesi Mstaafu
Yanahusiana, mama yangu. Niambie.

Mama J wa Segerea
Alianguka kazini. Asubuhi alikuwa mzima, akasema mgongo unachoma kama kachanwa, saa nane hayupo. Miaka 38. Kwao wakasema karogwa, mimi nikaacha kuongea.

Nesi Mstaafu
Alikuwa mrefu? Vidole virefu? Na mtoto anavaa miwani?

Mama J wa Segerea
Baba yake alikuwa anainama mlangoni. Mtoto anavaa, tena lenzi nzito. Kwa nini?

Nesi Mstaafu
Kuna ugonjwa wa kurithi unaitwa Marfan. Tishu zinazoshikilia mwili zinalegea: kifua kinaweza kuzama, macho yakasumbua, na mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo ukatanuka bila dalili mpaka siku unachanika. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Sisemi anao. Nasema asidungwe wala asipasuliwe kabla hajapimwa eko, kile kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, na daktari aliyetaja chuma aambiwe habari ya baba. Mshipa ukikutwa umetanuka kuna dawa za kupunguza kasi yake, na kuna upasuaji wa kuubadilisha kabla haujachanika. Pale Muhimbili, Taasisi ya Moyo, eko wanapima.

Usiku huu chukua futi ya cherehani. Mpime urefu, kisha mikono akiwa ameinyoosha, ncha hadi ncha. Halafu ashike kifundo cha mkono kwa gumba na kidole kidogo, uone kama vinapandana.

Mpelelezi
Mimi bado sijaamini. Ila pima.

Mama J wa Segerea
Nimemwamsha. Urefu 183. Mikono 196. Gumba limepita kidole kidogo, ukucha wote.

Nesi Mstaafu
Kesho usiende kazini. Beba ile CT, na cheti cha kifo cha baba yake.

Mama J wa Segerea
Cheti wanacho shemeji zangu. Nawapigia sasa hivi.