Mrejesho: vitu vya kubaki navyo siku ya kuhama
Wakuu, niliuliza vitu gani visipakiwe kwenye kirikuu pamoja na mizigo. Tumeshahamia, asanteni sana.

Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko ndiyo iliyotuokoa. Ndani: chandarua, misumari minne na kamba yake, sabuni, taulo, sufuria moja, kiberiti, tochi, chaja. Ukishatoa vitu, unaitumia kutekea maji. Dawa na vyeti vikae kwenye begi la mgongoni.

Chukueni mapema namba ya mita ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya nyumba mpya. Tokeni ya mita ya zamani haiingii kwingine. Mtungi wa gesi ufungwe valvu, ung'olewe kichomeo, usafiri umesimama.

Tulikosea kwenye spana: ilipakiwa chini kabisa, nati za kitanda hazikukazwa, tukalala na godoro sakafuni.