Mwenye nyumba hakuniandikisha uhamiaji, faini nikalipa mimi: mnaokuja kufanya kazi Thailand someni hapa

Wakuu, habari za wakati huu. Naandika uzi huu kwa hasira niliyoitunza tangu mwaka jana, na ninawaomba wale wenye mazoea ya kumjibu kila mgeni kwenye magrupu kwamba "usijali, hiyo karatasi ya mwenye nyumba kukuandikisha uhamiaji haina kazi" wausome hadi mwisho, kwa sababu ushauri wao ndio ulionifikisha nilipofika.

Nilitua Bangkok tarehe 4 Mei mwaka jana kwa ajili ya kazi ya ualimu, nikiwa na viza ya Non-Immigrant B, yaani ya wanaokuja kufanya kazi, ambayo humpa mtu siku 90 za kuanzia. Kadi ya homa ya manjano, ambayo sisi tunaotoka Tanzania na Kenya tunatakiwa kuionyesha kabla ya kufika dirisha la uhamiaji, nilikuwa nayo, na shule ilikuwa imeanza kushughulikia kibali cha kazi. Nikapata chumba mkoani kwa baht 6,500 kwa mwezi. Kwa desturi ya huku unalipa kodi ya mwezi mmoja pamoja na amana ya miezi miwili, kwa hiyo siku ya kwanza nilihesabu baht 19,500 mezani. Mkataba wenyewe ulikuwa wa Kithai mtupu, na tarehe yake ilisomeka mwaka 2568, ambao kwa hesabu yetu ni 2025. Nikatia saini bila kumtafuta mtu wa kunisomea, na hilo kosa ni langu, silikatai.

Kosa ambalo si langu ni hili. Sheria ya Uhamiaji ya Thailand ya mwaka 1979, kifungu cha 38, inamtaka mwenye nyumba aliyempokea mgeni atoe taarifa uhamiaji ndani ya saa 24. Fomu yake inaitwa TM30, na siku hizi anaweza kuijaza kwa intaneti bila kutoka sebuleni kwake. Wajibu ni wake, na faini ya kutotoa taarifa ni yake pia. Lakini anayerudishwa dirishani ni mpangaji, kwa kuwa yeye ndiye anayehitaji muhuri wa kuongezewa muda.

Nilikwenda kuomba nyongeza ya muda wa kukaa siku ya Ijumaa, tarehe 25 Julai, nikiwa na bahasha nene ya nyaraka za shule, picha, baht 1,900 za ada na nakala za pasipoti nilizozitia saini moja moja. Ofisa alizipekua kwa adabu kabisa, akafika mwisho, akarudi mwanzo, kisha akauliza neno moja tu: "TM30?" Sikuwa nayo. Akaandika namba hizo kwenye kikaratasi cha njano, akakibandika juu ya bahasha yangu na kuita mtu anayefuata. Muda wangu ulikuwa unaisha tarehe 1 Agosti. Jumamosi na Jumapili ofisi hazifanyi kazi, na Jumatatu ya tarehe 28 ni sikukuu ya kuzaliwa kwa Mfalme. Nikabaki na siku nne za kazi, na ukipitiliza muda unalipa baht 500 kwa kila siku, mbali na doa linalobaki kwenye rekodi yako.

Nikampigia mama mwenye nyumba, hakupokea. Nikamwandikia kwa LINE, programu ya ujumbe wa simu inayotumika huku, akanijibu kwa kikatuni cha dubu anayeinamisha kichwa. Nilipomfuata nyumbani kwake nikiwa na mwalimu mwenzangu Mthai wa kunitafsiria, ndipo ukweli ulipotoka: hakutaka jina lake lionekane serikalini kuwa anapokea kodi, kwa hofu ya kudaiwa ushuru. Alikubali kutoa taarifa kwa sharti moja tu, kwamba faini yake ya kuchelewa, baht 1,600, niilipe mimi. Nililipa. Ningefanya nini?

Kwa hiyo wewe unayetafuta chumba sasa hivi, kabla hujatoa hata baht moja, muulize mwenye nyumba kwa maandishi kama atakuandikisha TM30, na umwombe nakala ya kitabu cha usajili wa nyumba na ya kitambulisho chake, zote zikiwa na saini yake. Akianza kuzungukazunguka, ondoka. Akikubali, dai kipande cha risiti ya taarifa hiyo na ukitunze pamoja na pasipoti, kwa maana utaulizwa tena na tena.

Uliza pia bei ya umeme. Bili inayotoka kwa shirika la serikali huja kwa takriban baht nne kwa uniti, ilhali mama huyu alinitoza tisa, na mita ilikuwa ndani ya kabati analolifunga kwa kufuli.

Nikirudi kwa washauri wetu: hao hao waliniambia kuwa nikisharipoti makazi kila baada ya siku 90, viza inakuwa imeongezwa. Si kweli hata kidogo. Ripoti ya siku 90 ni kueleza unapoishi tu. Na Mganda mmoja tuliyefundisha naye aliondoka haraka kwenda kuzika kwao bila kuchukua kibali cha kuingia tena, ambacho kwa safari moja ni baht 1,000, na ruhusa yake yote ya kukaa ikafutika alipovuka mpaka. Aliambiwa na mtu, kwenye grupu, kwamba kibali cha kazi kinatosha.

Mkataba wangu umeisha mwezi Mei na nimehama. Katika amana ya baht 13,000, mama amekata 5,000 za rangi, 1,500 za usafi na 2,000 za "kusafisha viyoyozi", wakati chumba kilikuwa na kiyoyozi kimoja, tena kinachodondosha maji juu ya mto wangu. Picha nilizopiga siku ninaingia ninazo. Hata hizo 4,500 zilizobaki hajatuma. Nimeelezwa kuwa kesi ya mlaji mahakamani haina ada, na kwamba kuna namba 1166 ya ofisi ya kumlinda mlaji na 1567 ya malalamiko ya wananchi. Nitaanza na 1166 wiki hii, na kama kuna aliyewahi kudai amana kwa njia hiyo hapa, naomba anieleze alidaiwa nyaraka gani na kama alilazimika kwenda na mkalimani wake. Jana nimemwandikia mama kwa mara ya sita. Amenijibu kwa yule yule dubu.