Hiace inazima ghafla njia ya Lindi, ikipoa inawaka yenyewe. Naombeni ushauri

Dereva wa Kusini
Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada, hasa mafundi wa umeme wa magari. Nina Hiace ya petroli, injini 1TR, nabeba abiria Mtwara–Lindi. Wiki ya tatu sasa inanizimikia njiani. Asubuhi inawaka mara moja tu, Mikindani napita vizuri, jua likishapanda inakata. Haikohoi, haipungui nguvu, inakata kama mtu kazungusha ufunguo. Starta inazungusha vizuri ila injini haishiki. Tukikaa kivulini nusu saa hivi, inawaka kama haikuwa na shida. Mshale wa joto uko katikati siku zote, maji hayapungui.

Fundi wa kwanza alisikiliza kwenye tenki, akasema pampu imekufa. Nikanunua pampu na filta. Siku mbili tu, ikazima kabla ya Mingoyo. Juzi nilikuwa na mama mjamzito anawahi hospitali Lindi, tukakaa naye chini ya mkorosho mpaka gari nyingine ikamchukua. Roho iliniuma sana. Sasa fundi wa pili anataka tubadilishe kontroli boksi, ile kompyuta ya injini. Pesa hiyo siwezi kuitoa kwa kubahatisha tena.

Mwana Chikongola
Pole kaka. Umefunga alamu, au kile kifaa cha kufuatilia gari? Yangu ilinitesa miezi miwili, kumbe relei (swichi ya umeme) ya alamu ilikuwa imeungwa kwenye waya wa pampu, ikipata moto inaachia.

Dereva wa Kusini
Ahsante mkuu. Alamu ilikuwepo nikaitoa zamani. Nimekagua pale waya ulipokatwa, umelehemiwa vizuri.

Fundi wa Shangani
Mdogo wangu, usinunue kontroli boksi. Gari ikigugumia na kuishiwa nguvu kabla ya kuzima, naanzia kwenye mafuta. Ikikata papo hapo, naanzia kwenye umeme. Na ikikataa ikiwa na moto halafu ikakubali ikipoa, mimi nashika kwanza sensa ya krenki, yaani ya ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Ndani yake kuna waya mwembamba mno uliosokotwa. Ukichoka, joto likipanda unaachana, ukipoa unagusana tena.

Sensa hiyo ndiyo inayoiambia kontroli boksi kwamba injini inazunguka. Isiposema kitu, plagi hazipati cheche, nozeli hazimwagi mafuta, na kwenye Toyota nyingi za mfumo huu hata pampu haipewi umeme mpaka taarifa hiyo ifike. Ndiyo maana tenki lilikuwa kimya. Fundi wako alisikia sawa, pampu ilikuwa kimya kweli, ila ilikuwa inasubiri amri.

Sasa shida ni kwamba ukipeleka gari gereji imeshapoa, kila kitu kinapima kizima. Lazima uipime pale pale inapokataa. Tafuta mtu mwenye mashine ya kupimia, mtoke naye bila abiria, mwendeshe mpaka ikate. Halafu mwambie aangalie mizunguko ya injini wakati starta inazungusha. Ikisoma sifuri na injini mnaisikia inazunguka, taarifa haifiki. Msitegemee kodi peke yake, ile namba ya hitilafu inayotoka kwenye mashine. Mara nyingine P0335, kodi ya sensa hii, inatokea, mara nyingine haitokei kabisa. Kisha chukua kitambaa chenye maji, kikamue, ukibane kwenye sensa. Iko mbele ya injini, chini, karibu na puli ya krenki. Angalia mkanda usikushike vidole. Ikiwaka mapema kuliko kawaida yake, umeshajua. Kama cheche ipo na pampu inalia, basi mimi nimekosea, rudini kwenye presha ya mafuta.

Binti Mikindani
Fundi kasema vizuri. Niongeze kwamba sisi tunaishi na upepo wa chumvi. Kabla ya kununua sensa, chomoa soketi yake muone kama pini zina ukungu wa kijani, na mfuate waya wote mpaka juu.

Na kaka yangu, nakuomba, usibebe watu kwa sasa. Injini ikizima ukiwa mteremkoni, breki inakupa msaada mara moja au mbili za kukanyaga, baada ya hapo inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani unakuwa mzito. Mume wangu aliponea chupuchupu hivyo.

Dereva wa Kusini
Shikamoo mzee wangu, na ahsante dada. Nimeisimamisha tangu jana.

Dereva wa Kusini
Wakuu, narudi na majibu. Tulitoka na kijana mwenye mashine, ikakata tulipovuka Mikindani. Starta inazungusha, mashine inasoma sifuri. Kodi haikutokea. Tukabana kitambaa, dakika kama tano ikawaka, wakati kwa kawaida yake ni nusu saa. Soketi ilikuwa na pini moja ya kijani, na ganda la waya limepasuka jirani na puli. Tukasafisha, tukafunga waya, tukarudi barabarani: ikazima tena. Basi nikanunua sensa mpya, sikutaka ya mtumba.

Nimeenda Lindi na kurudi mara tatu, saa saba mchana, nimepakia mifuko ya saruji tu. Haijakata. Ile pampu ya zamani nimeiunga kwenye betri, inazunguka vizuri.

Fundi wa Shangani
Usiiache izunguke kavu, inajiua. Ihifadhi. Na ule waya uupitishe mbali na puli, ufunge na klipu, la sivyo utapasuka tena pale pale.

Dereva wa Kusini
Nimeufunga leo asubuhi. Kesho narudi stendi.