Vifaranga wa wiki 7: nitatenganisha vipi majogoo na majike?

Mama wa Ndosho (Goma)
Jambo wenzangu. Parseleni kuna vifaranga 14 wa wiki 7: sita wa kienyeji, watano wa kahawia waliouzwa kama ISA Brown (kuku wa kisasa wa mayai), na watatu wenye mistari myeusi na myeupe. Ninataka kubakiza jogoo mmoja na majike yote, wengine wauzwe kabla hawajamaliza chakula. Jirani anasema nimshike kifaranga miguu, kichwa chini: akiinua kichwa ni dume, akilegea ni jike. Mwingine anasema yai lenye ncha ndilo linatoa jogoo. Ni kweli?

Kadutu_Kuku (Bukavu)
Mama, hayo mawili yaache. Anayeinua kichwa ni mwenye nguvu tu. Nalo umbo la yai linatokana na kuku aliyelitaga. Kuku mmoja hutaga mayai ya umbo karibu lilelile, na ndani yake watatoka dume na jike.

Kwa wiki 7 angalia upanga wa kichwani. Wa pora (jogoo kijana) una shina pana, umekwisha kuwa mwekundu, na ndevu za chini ya mdomo zimeanza kuonekana. Wa jike bado ni mdogo, wa manjano au waridi iliyofifia. Ila mlinganishe mkahawia na mkahawia, mkienyeji na mkienyeji, wa umri uleule. Wa kienyeji wengine wana upanga bapa usio na meno. Hapo ukubwa utakudanganya, fuata rangi. Na dume mwenye minyoo au anayehara damu hupauka, mtu akamhesabu jike.

Fundi wa Banda (Lubumbashi)
Upanga unatoa dalili. Jibu lenyewe liko mgongoni, kati ya wiki 10 na 12, pale mgongo unapokutana na mkia.

Wakamate usiku wakiwa kwenye fito, wanatulia. Mbane kuku kwapani, kichwa kielekee nyuma yako, umulike kwa tochi, kisha upekue manyoya kwa kidole kuelekea shingoni. Manyoya ya utotoni yana ncha ya mviringo kwa wote, ndiyo maana watu wanakosea. Tafuta mapya yanayochomoza katikati yao. Ya dume ni membamba, yamechongoka kama mkuki, yanang'aa, na kingo zake zina nyuzi zilizoachana. Ya jike yanarudi na ncha ya mviringo kama ukucha wa kidole gumba. Ukiona hata machache yaliyochongoka, huyo ni jogoo, hata kama hajawika. Kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu, usikitegemee. Majike wazee wengine wanacho.

Kadutu_Kuku (Bukavu)
Kuhusu wale wakahawia: ISA Brown halisi hutofautiana rangi tangu siku ya kuanguliwa, majike kahawia, madume manjano-meupe. Jeni hiyo ya rangi inasafiri pamoja na jinsia, na kifaranga jike huipata kwa baba peke yake. Kwa hiyo kama wote watano walikuwa kahawia tangu siku ya kwanza na mmoja anaota upanga wa jogoo, huenda muuzaji aliangua mayai ya ISA Brown waliopandwa na jogoo wa nyumbani. Kizazi hicho cha pili rangi haisemi tena kitu. Vilevile kulinganisha urefu wa manyoya ya bawa: kunafaa siku moja au mbili za mwanzo, na kwa mbegu iliyoandaliwa hivyo tu. Kwa wa kienyeji ni kubahatisha.

Mama wa Ndosho (Goma)
Aksanti sana. Katika wale wa mistari, mmoja ni mweupe kuliko wenzake na upanga umeiva. Ndiye dume?

Fundi wa Banda (Lubumbashi)
Karibu hakika, kwa sababu ya upanga. Weupe peke yake unatosha tu kama baba na mama wote walikuwa wa mistari: dume hurithi mistari mara mbili, weupe unazidi, jike mara moja, anabaki mweusi zaidi. Mfunge uzi mwekundu mguuni, wale unaodhani majike uzi mweupe, urudie kuangalia mgongo wiki ya 10 kabla ya kuuza yeyote. Uzi uulegeze kila wiki. Mguu unanenepa haraka, hasa wa pora, na uzi ukikaza unakata ngozi.