Naomba ushauri: GCC ya zamani kwenye seva ya CentOS 7

Habari za majukumu wakuu. Hapa Kirumba, Mwanza, nina seva inayotunza kumbukumbu za mizani ya sangara na dagaa wanaoshushwa mwaloni. Inatumia CentOS 7 (mfumo endeshi wa Linux), haijaguswa miaka mingi. Programu mpya ya mizani imeandikwa kwa C++17 (toleo la lugha ya C++), na GCC iliyopo, yaani zana ya kugeuza msimbo kuwa programu, ni 4.8.5, inaikataa kabisa. Yum, zana ya kuweka programu kwenye mfumo, nayo haipati vifurushi. Nataka kuifuta GCC hii niweke mpya, ila wavuvi wanalipwa kwa kumbukumbu hizi. Nifanyeje?

Fundi wa Igoma
Mkuu, usifute chochote! Yum imekwama kwa sababu CentOS 7 iliacha kutunzwa tarehe 30 Juni 2024, vifurushi vikahamia vault.centos.org. Ingia /etc/yum.repos.d, zima mistari ya mirrorlist (orodha ya seva za vifurushi), washa baseurl (anwani ya moja kwa moja) uielekeze huko. Weka centos-release-scl (inaongeza hazina ya matoleo mapya ya zana), faili zake nazo zielekeze vault, kisha weka devtoolset-11, yenye GCC 11. Inakaa /opt/rh, ya zamani haiguswi. Kuitumia:

scl enable devtoolset-11 bash

Ukiandika exit umerudi kwenye 4.8.5.

Nyakato
Kwa nini asijenge GCC kutoka msimbo chanzo? GCC 11 inajengeka kwa 4.8. Aweke --prefix=/opt/gcc-11 (ikae folda yake) na --disable-multilib (ijenge ya biti 64 tu), basi.

Fundi wa Igoma
Inawezekana dada, ila GCC hujijenga mara tatu, ni saa nyingi, na umeme wetu unaujua. Halafu programu ikianza italalamika GLIBCXX (toleo jipya la maktaba ya C++) haipo, aanze kuhangaika na LD_LIBRARY_PATH, yaani kuiambia wapi pa kutafuta maktaba. Devtoolset inatumia libstdc++, maktaba ya C++, ya mfumo, na vipande vipya inavifunga ndani ya programu yenyewe. Kwa seva yenye pesa za watu, mimi sioni njia nyingine.

Mzee wa Bwiru
Nakazia: glibc 2.17, maktaba ya msingi ya mfumo, usiiguse hata kidogo. Karibu kila kitu kinaiegemea, ukiikosea hata ls, amri ya kuorodhesha faili, haitafunguka. Na seva isiyopata viraka vya usalama iondoe kwenye intaneti ukimaliza. Anza kupanga kuhamia AlmaLinux 9, mfumo mpya wa Linux wa aina hiyo hiyo, yenyewe inakuja na GCC 11.

Mwenye uzi
Shikamoo mzee, asante. Vault imekubali, yum inaitika. Nanakili kumbukumbu zote kwenye diski ya nje kwanza, devtoolset baadaye.

Fundi wa Igoma
Safi. Ukiingia scl piga gcc --version kabla ya kujenga. Isiposoma 11, rudi hapa.