Napelekwa kuwa mwalimu mkuu, darasa la kwanza namwachia nani?

Mama Visoda:
Shikamooni wakubwa zangu, wengine habari za kazi. Nafundisha shule ya msingi huku Dodoma vijijini, mwaka wa 12 sasa niko darasa la kwanza, kusoma, kuandika na kuhesabu. Niliomba mwenyewe kubaki huko. Ijumaa Afisa Elimu Kata kanipigia: jina langu limepita, nijiandae kwenda shule ya jirani kuwa mwalimu mkuu.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Nina watoto 94. Yupo mmoja, Januari alikuwa anashika kitabu kichwa chini. Wiki iliyopita kaweka kidole kwenye ka, kakisogeza kwenye la, kisha mu. Akatamka "kalamu", halafu akaiangalia ile aliyoishika mkononi. Kazi ninayoijua ni hiyo. Mambo ya FFARS, ule mfumo wa kuandikia hesabu za fedha za shule, na kamati ya shule nimeyasikia tu ofisini. Walimu wakuu mliomo humu, mnabaki na vipindi kweli? Au ndiyo kuaga chaki?

Mzee wa Ratiba:
Marahaba mwanangu, na hongera. Mimi nimestaafu, nilikuwa mwalimu mkuu miaka 17 na jina langu halikutoka kwenye ratiba hata muhula mmoja. Ila sikiliza nilipokosea. Mwaka wa kwanza niling'ang'ania Hisabati ya darasa la saba. Leo naitwa kata, kesho halmashauri, keshokutwa wageni wamefika. Watoto wakakwama kwenye mada ya sehemu (nusu, robo) wiki mbili nzima, na mwalimu wao ndiye mimi niliyetakiwa kuwakagua wenzangu. Naumia nalo mpaka leo.

Kwa hiyo darasa zima usichukue. Mpe mwalimu mwingine, wewe chukua kikundi cha wale wasioshika silabi, kipindi cha kwanza asubuhi kabla simu hazijaanza. Hata ukiitwa, darasa lina mwenyewe. Halafu ingia madarasani kwa wenzako ukakae nyuma usikilize. Wewe unayejua mtoto anakwama herufi gani utamsaidia mwalimu mgeni kuliko semina ya siku tatu.

Bi Leja:
Dada, mimi nakuja na la ofisini. Usikalie kile kiti bila barua ya uteuzi. Nilikaimu miezi 8 kwa maneno ya mdomo, kazi zote zangu, posho ya madaraka ile ya 200,000 kwa mwezi sikuiona.

Na makabidhiano yawe ya maandishi, kamati ya shule ikishuhudia. Mimi nilipewa funguo nikashukuru. Mkaguzi wa ndani alipokuja, leja inasoma madawati 120, tunahesabu 83. Niliandika maelezo kurasa nne kwa madawati ambayo sijawahi kuyaona. Hesabu mwenyewe: madawati, vitabu, mabati yaliyobaki kwenye ujenzi, salio la benki.

FFARS isikutishe, inazoeleka. Ruzuku ikiingia andika siku hiyo hiyo, risiti usiweke kwenye pochi. Ukipata nafasi ya kusoma uongozi wa elimu kwenye chuo cha ADEM Bagamoyo, nenda. Mimi nilienda nikiwa tayari mwalimu mkuu, na kila somo nilikuwa nalifikiria kwa shule yangu.

Mama Visoda:
Mzee wangu, dada yangu, asanteni sana. Nimemwambia Afisa Elimu Kata nasubiri barua, na naomba siku nzima ya kuhesabu vitu nikiwa na mwenyekiti wa kamati. Kakubali.

Hapa kwangu anayepokea darasa ni kijana wa ajira mpya. Jana nimemwonyesha ndoo ya visoda vya kuhesabia na namna ya kuvigawa kumi kumi. Usiku nimekaa nikaandika majina ya watoto 31 ambao bado hawajaunganisha silabi, na mbele ya kila jina herufi inayomshinda. Nimefika wa 26. Daftari hilo naye atalisaini.