Mjadala: "Kinda" ni neno letu au tumelipata kwa Wajerumani?

Wadau, kila likitajwa neno kinda, hakosi mtu wa kudai kuwa limetokana na Kinder la Kijerumani, yaani watoto. Ushahidi wenyewe ni huu: Wajerumani walitawala Tanganyika, wakatuachia shule kutoka Schule na hela kutoka Heller. Basi na kinda nalo liwemo. Mimi napinga.

Tutazame maana. Kinder ni watoto wa binadamu. Kifaranga, Mjerumani anakiita Küken. Mtoto wa mnyama anamwita Junges. Kwetu mambo ni kinyume: kinda ni mtoto wa ndege kwanza, aliye bado kiotani, hajaota manyoya. Wengine hulitumia kwa wanyama pia. Kumwita mchezaji chipukizi kinda kumekuja baadaye, hasa kwenye kurasa za michezo. Tungekuwa tumelikopa, lingeanzia kwa mtoto wa mtu ndipo lirukie mtini.

Halafu shule ilikuja na majengo yake, hela ikaja na sarafu yake. Makinda ya njiwa yalikuwepo. Nani alingoja meli ya Mjerumani ndipo ayape jina?

— Hapo mwisho umeteleza, ndugu yangu. Lugha hukopa hata jina la kitu ilichonacho. Shibli, mtoto wa simba, ni Kiarabu, na simba walikuwepo tangu hapo.

— Kwani hiyo ki- si ya udogo, kama kitoto na kifaranga?

— Hapana. Ingekuwa hivyo tungesema vinda, kama vitoto na vifaranga. Wingi wake ni makinda, kwa hiyo ki ni sehemu ya shina. Ila msiifanye hiyo ma- kuwa cheti cha Ubantu: magari na madirisha ni ya kukopa, na yamo ngeli hiyo hiyo.

— Kwa shibli nimekubali. Lakini shibli limekuja na maana yake ya Kiarabu vilevile: mtoto wa simba huko, mtoto wa simba huku. Wanaotetea Kinder watueleze ni vipi watoto wa watu waligeuka kuwa watoto wa ndege, kisha wakarudi kuwa watu uwanjani. Mpaka sasa naona mlio tu umefanana.

— Mniache na Wajerumani wenu. Linaloniudhi mimi ni "kinda wa miaka 24". Huyo ana makinda yake nyumbani!